Kisanduku Kilichojua Jina la Thok

Mwanangu Ladu siku hizi anaalikwa kwenye kumbi za Nairobi na Kampala kuwafundisha vijana wa kompyuta. Wanataka awaambie namna ya kuanzisha kitu mpaka watu wakipende, na namna ya kuwafanya watu wafanye kazi bila kusukumwa. Anasema vizuri. Siku moja nilikaa nyuma nikamsikiliza. Aliwaambia, "Usimpe mtu kitu unachokipenda wewe, mpe kile kinachomfanya ageuke." Wakapiga makofi. Halafu alipofika mwezi wa Desemba wa mwaka 2013, alikunywa maji, akauruka, akaendelea na mwaka uliofuata.

Simlaumu. Mimi mwenyewe kuusema mwezi ule kwa mdomo siwezi, ndiyo maana naandika. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnisamehe nikiruka huku na huku. Lakini nyinyi mnaopiga makofi, na nyinyi mama zao mnaojivunia, hebu someni na hii sehemu anayoiruka.

Tulirudi Juba mwaka wa uhuru, 2011. Mimi ni Mbari, nilizaliwa Juba Na Bari kando ya mto, nikakimbia nikiwa msichana, nikaolewa Kenya, nikafiwa na mume, nikamlea Ladu katika kambi ya Kakuma. Thok tulimpata huko huko. Alikuwa mtoto wa Kinuer, mama yake alikuwa amekufa, alikaa na shangazi yake Nyadak nyumba ya pili kutoka kwetu. Kwanza alikuwa anakuja kula jioni. Baadaye akawa anakuja kula na kulala. Nyadak akaniambia, "Basi huyo nusu ni wako, lakini akiumwa umrudishe." Hakuumwa. Walikaa dawati moja na Ladu mpaka wakamaliza shule, na tuliporudi nyumbani tulirudi watu watatu.

Sasa, hawa vijana wawili walirudi na moyo mkubwa sana. Ladu alijichora bendera shavuni. Wiki hiyo hiyo nikamtuma sokoni kununua samaki, na wale akina mama wakamsalimu kwa Kibari, "Do pure." Akatabasamu kama mjinga. Wakajaribu Kiarabu cha Juba, "Ita min wen?" yaani wewe ni wa wapi. Akajibu kwa Kiswahili, "Mimi ni wa hapa hapa." Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. "Huyu wa Kenya amekuja kutalii!" Akarudi nyumbani na samaki mkononi, hata mfuko alisahau.

"Mathe," akaniambia, "nimengoja nchi hii maisha yangu yote, na nikifungua mdomo tu mimi ni mgeni."

Thok naye Kinuer chake kilikuwa cha kubahatisha. Wanuer wenzake walimwita Mturkana, maana hata paji la uso lilikuwa laini, hakuchanjwa zile alama za wanaume wao. Nasema haya ili mjue kilichowauma. Watu wengine wanaanzisha biashara kwa njaa. Hawa wangu walianza kwa aibu ya lugha, ingawa wenyewe hawakujua hivyo.

Biashara ilikuwa ya bodaboda. Ladu alikodi karakana ndogo mtaa wa Hai Mauna, katikati ya watengeneza vitanda vya chuma. Mtu akitaka pikipiki alipiga simu, kompyuta ya Ladu ikampelekea ujumbe mwendeshaji aliye karibu. Kwa maneno ni rahisi. Lakini waendeshaji hawakujibu ujumbe. Ladu akawaita, akawauliza ni kwa nini, na Fred, Mganda mmoja mwenye kofia ya sufi hata kwenye jua, akamjibu kwa niaba ya wote.

"Bosi, mkono moja iko kwa klachi. Mkono ingine iko kwa breki. Wewe unataka mimi nisome na mguu?"

"Usimame kwanza ndiyo usome."

"Nikisimama trafiki iko. Na hii wengine," akawanyoshea kidole wenzake, "hata ukiwapa siku mzima, hawajui soma!"

Ladu akaenda akatengeneza kisanduku. Kilikuwa kisanduku cha plastiki, ndani yake simu ndogo ya Kichina na spika, kinafungwa mbele ya pikipiki kwa skrubu. Kompyuta ikituma ujumbe, kisanduku kinausema kwa sauti. Sauti aliyoipata ilikuwa ya mwanamke wa Kizungu. Waendeshaji walikuwa wakisikia wanaangaliana. Fred akagonga kisanduku kwa kucha: "Huyu mzungu iko ndani, mnampa chakula saa ngapi?" Haukupita mwezi, wengi walikuwa wamevifungua na kuvirudisha. Ladu akakonda. Mimi nilisali biashara ife haraka ili akatafute kazi ya ofisi.

Haikufa. Siku moja nimewapelekea chakula karakana, shangazi Nyadak akapiga simu kutoka Kakuma. Thok mikono ilikuwa na grisi, akaweka spika. Yule mama hakuwa mtu wa kuongea polepole. Akapaza sauti, "Maale!" ndiyo salamu ya Kinuer, kisha akamwita Thok kwa jina la dume lake. Vijana wa Kinuer hupewa jina la dume la ng'ombe, na hilo ndilo jina wanawake hulitumia kumsifu mtu. La Thok lilikuwa la dume la kijivu lenye pembe zilizoinama.

"Na hilo dume hujaliona hata siku moja," Ladu akamtania.

"Liliibiwa kabla sijazaliwa. Lakini ni langu. Wewe lako liko wapi?"

Sasa karakana ilikuwa na mwendeshaji mwingine wa Kinuer, pande la mtu, mkali, ambaye hakuwahi kumsalimu hata mmoja wetu. Aliposikia ile sauti aliweka spana chini. Akaja mpaka kwenye simu, akainama, akaanza kuitikia salamu ambazo hazikuwa zake. Aliitikia kwa heshima, kama vile mama yake amesimama mlangoni. Nyadak naye hakuuliza ni nani, akaendelea kumsalimu. Nilimwangalia Ladu. Alikuwa ameacha kutafuna.

Hiyo ndiyo sehemu anayowaambia kumbini, na hapo hasemi uongo. Kitu cha kumfanya mtu ageuke alikiona siku ile.

Kabati langu la nguo likageuka studio. Walilijaza mablanketi, wakawa wanaingiza watu mmoja mmoja waseme: salamu, abiria anakungoja, sokoni, hospitali, uwanja wa ndege, UN, asante ndugu, nenda salama. Kidinka alikisema Nyandeng, muuza chai wa barabara yetu, alicheka hadi ikabidi warudie asubuhi. Kiganda alikisema Resty, mke wa Fred. Kinuer kilisemwa na Nyadak kwa simu. Kibari na Kiswahili ni mimi. Kompyuta ilikuwa inayaunganisha yale maneno, kila mwendeshaji anasikia kwa lugha aliyochagua, na mwanzo wa kila ujumbe ni salamu. Bila salamu hakuna ujumbe. Ladu alikuwa mkali juu ya hilo kuliko kitu chochote.

Mambo yakabadilika haraka. Wale waliorudisha visanduku walikuja kuviomba. Walivifuta vumbi kabla ya kufuta taa. Fred alikuwa akisikia tu "Ssebo, oli otya" anaitika kwa sauti barabarani, "Bulungi, mukyala wange!" yaani nzuri, mke wangu, watu wanadhani ana wazimu. Mzee mmoja wa Kibari, ambaye aliapa hatapanda pikipiki, alipanda kwa sababu ilimsalimu kwa sauti yangu. Alifika kwangu, mtaa wa Atlabara, kunishukuru, akaniletea mihogo.

Thok ndiye aliyekuwa kiongozi wa waendeshaji. Ladu alijua mashine, Thok alijua watu. Yeye ndiye alisema, "Pesa wataichoka. Jina hawatalichoka." Wakaweka mashindano. Anayebeba abiria wengi katika wiki, kisanduku chake kitamwita kwa jina la dume lake, au jina lolote la sifa la kwao, na kitampigia vigelegele. Vigelegele tulipiga mimi na Nyandeng ndani ya kabati, tukatoka jasho linatiririka. Mngeona wanaume wazima wanavyoamka alfajiri kutafuta vigelegele!

Kisanduku cha Thok mwenyewe kilikuwa kinasema Kiswahili, kwa sauti yangu, kwa sababu ndicho alichokijua vizuri. Siku aliyoshinda mara ya kwanza akamwambia Ladu ambadilishie, amuwekee Kinuer.

"Umenichoka?" nikamuuliza.

"Wewe, Mama, nakusikia nyumbani kila siku. Thok kula. Thok vaa sweta. Wacha barabarani nisikie shangazi."

"Sweta, Juba hii?"

"Ndiyo hapo sasa! Joto lote hili na bado unaniambia vaa sweta!"

Tulicheka. Nakumbuka nilijifanya nimenuna, nikamnyima kipande cha nyama halafu nikampa.

Kulikuwa na swichi pembeni ya kisanduku, ya kukizima. Waendeshaji wakawa wanazima wakitaka kulala kivulini, abiria wanangoja, wanatukana kampuni. Ladu akaitoa ile swichi. Wengine wakakata waya. Akaunganisha kisanduku na ufunguo wa pikipiki, ukikata waya pikipiki haiwaki. Alifurahi sana siku hiyo. "Sasa hawana njia ya kukosa kazi," akasema.

Mimi ni mtu wa hofu, nakubali. Kakuma nilikuwa nahesabu watoto hata wakiwa wamelala. Lakini hofu ya mwaka ule haikuwa ya bure. Kuanzia mwezi wa saba wakubwa wa nchi, Mdinka na Mnuer, walikuwa wamegombana, redio inaongea kwa kuchagua maneno, na watu wakaanza kuchagua nao. Siku moja nje ya soko nilimwona mwanamume ameshika begi, anakaribia kupanda pikipiki, kisanduku kikasalimu kwa Kinuer. Akashusha mguu. Akaenda pikipiki ya pili, akasimama kidogo, anangoja isalimu ndiyo apande. Mwingine nilimwona vile vile, ila yeye alikuwa anakwepa salamu ya Kidinka.

Nikamwambia Ladu mezani. "Hiki kitu chako sasa kinawapanga watu."

"Mathe, hao ni wachache."

"Mtu mwenyewe ndiye anajua lini aseme yeye ni nani, na mbele ya nani. Wewe kazi hiyo umeipa pikipiki."

Ladu akacheka, akasema eti ningefaa kuwa mshauri wake. Thok hakucheka. Aliniwekea maji kwenye kikombe, akasema taratibu, "Mama, miaka yote kambini tulinyamaza tusijulikane. Sasa tuna nchi. Tukijificha hapa pia, tutasemea wapi?"

Ningekuwa na jibu hata leo, ningeliandika hapa. Nilinyamaza kwa sababu alisema jambo zuri, na jambo zuri linaweza kumziba mama mdomo wakati anapaswa kupiga kelele.

Risasi zilianza usiku wa Jumapili moja ya Desemba. Ladu alikuwa Hai Mauna, alibaki kule kurekebisha kompyuta. Mimi na Thok tulikuwa nyumbani Atlabara. Kulipokucha bado zinalia. Simu zikafa, hakuna laini hata moja iliyoshika. Nyandeng alipitia nyuma ya ua, amejifunika kichwa, akanong'ona, "Askari wanawatafuta Wanuer, wanaingia nyumba kwa nyumba. Wanauliza jina, halafu wanauliza lugha. Huyo kijana asikae hapa." Yeye ni Mdinka, angeweza kukaa kwake salama. Alikuja hata hivyo, na nataka hilo lijulikane.

Tukangoja mpaka milio ikatulia kidogo. Kambi ya UN iko karibu na uwanja wa ndege. Kwa miguu tungeonekana watu wanaokimbia. Thok akasema, "Twende kwa pikipiki, kama siku ya kazi. Mimi ni Mturkana wa Lodwar, boda wa Kenya. Si ndivyo walivyokuwa wananiita? Wewe ni abiria unayeumwa."

"Mimi ni mama yako."

"Basi ni mama yangu anayeumwa. Usiongee sana."

Nikatazama kile kisanduku. Nikamwambia akitoe. Akanikumbusha, ukikata waya haiwaki. Akakigonga. "Mtandao umekufa, Mama. Kimelala." Mimi hata hivyo niliingia ndani nikachukua leso mbili na shuka la kitanda, nikakifunga kama mtoto mchanga, nikakaza kwa kamba. Thok akaniangalia akatabasamu, "Sasa kimevaa sweta." Tukatoka.

Mji haukuwa mji. Sitaeleza tulichokiona njiani. Nilifumba macho mgongoni kwake, nikasikia moyo wake unavyopiga, polepole, kama mtu anayekwenda kazini kweli.

Kabla ya kufika barabara ya uwanja wa ndege kulikuwa na kizuizi. Mapipa mawili, kamba, wanaume wenye bunduki, wengine wana magwanda na wengine wana shati tu. Mmoja akatuuliza kwa Kiarabu tunatoka wapi. Thok akajibu kwa Kiswahili, akajifanya hajaelewa vizuri. Yule akamwita mwenzake mwembamba, "Njoo, huyu ni wa kwenu Kenya."

Yule mwembamba akaja, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kakuma kabisa, nilikitambua. Mtoto wa kambi kama wangu.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Lodwar."

"Lodwar wapi?"

"Karibu na mto Turkwel, ng'ambo ya daraja. Boda tu, mkubwa. Mama anaumwa, nampeleka kwa daktari wa UN."

"Mturkana na unapeleka mama UN? Si mngekunywa maziwa na damu mpone?"

"Ng'ombe wote mlichukua nyinyi," Thok akasema.

Yule kijana akacheka. Nawaambia alicheka kwa meno yote, akawatafsiria wenzake, na wao wakacheka. Akanisalimu, "Shikamoo mama," nami nikaitikia marahaba. Akaangalia paji la uso la Thok, laini kama la mtoto. Akainua kamba. "Pita, Mturkana. Na ukirudi, lete miraa."

Thok akawasha. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshavuka kamba.

Kutoka ndani ya leso na shuka vikatoka vigelegele. Vilikuwa vyangu na vya Nyandeng. Wiki ile Thok ndiye alikuwa mshindi. Halafu sauti ya Nyadak, imezibwa kidogo na nguo lakini kila neno linasikika, "Maale!" Halafu jina la dume la kijivu. Halafu maneno ambayo sikuyajua, na mwisho neno ambalo mimi na wale wote tulilijua, UN.

Hakuna aliyecheka. Yule mwembamba alibaki ameshika kamba juu. Alimtazama Thok kwa namna ambayo siwezi kusema ilikuwa chuki. Kama mtu aliyeharibiwa jambo. Mwenzake mmoja alikuwa amekwisha kukoki bunduki.

"Shuka," akasema yule mwembamba.

"Mkubwa, hii pikipiki ni ya kampuni," Thok akasema. "Haya maneno siyo yangu."

"Shuka, ndugu."

Niliongea. Niliongea Kiswahili, Kibari, Kiarabu, nikasema huyu nimemlisha, nikasema mimi ndiye mama, nikashika mkanda wake wa suruali. Mtu mmoja alinitoa vidole, kimoja kimoja, wala hakunipiga. Thok aliniambia, "Mama, kaa hapo chini. Kaa tu." Wakampeleka nyuma ya maduka yaliyofungwa.

Kisanduku kikasalimu tena. Ujumbe ulikuwa unarudiwa mpaka mwendeshaji abonyeze kukubali. Nilivuta kamba, nilijaribu kukifungua, skrubu zake ni za kuzuia wezi. Nilikipiga kwa jiwe. Kilipiga vigelegele. Kutoka nyuma ya maduka nikasikia mlio, na kisanduku kikamwita Thok mara nyingine, kwa jina lile la sifa, kikamwambia kuna mtu anamngoja.

Yule mwembamba ndiye aliyenisindikiza mpaka nikaona bendera za UN. Mimi sikumlaani na yeye hakuniomba radhi.

Kambini kulikuwa na watu wengi kuliko nyasi. Nilikaa kwenye kona ya ukuta, sijui nilikaa kwa muda gani. Ladu alinipata siku iliyofuata. Fred ndiye aliyembeba kutoka Hai Mauna, Mganda hakuna aliyemjali. Mwanangu alikuja mbio akiruka juu ya mizigo ya watu, midomo imekauka, macho yanang'aa. Akanikumbatia. Na kabla hata ya kuniuliza kitu kingine alisema:

"Mathe, mtandao uliporudi nilituma kwa wote! Betri zilikuwa na moto kidogo tu, nikasema acha ziishie hapo. Niliwaambia wabebe watu wawalete UN, bure, kampuni italipa. Ulifika? Nyinyi mliusikia?"

Nilitaka kumwambia hapana. Mungu anajua nilitaka.

"Ulifika," nikasema.

"Nilijua!" Akageuka kuangalia nyuma yangu, kwenye ukuta, kwenye wale watu waliolala. "Thok yuko kwenye foleni ya maji?"

Alinitazama, na nikaona anaanza kuhesabu kichwani, namna alivyokuwa anatafuta kosa kwenye kompyuta. Mtandao, saa, barabara. Alikaa chini polepole.

"Ulianza na salamu?" akauliza.

"Ulianza na salamu."

Hakulia siku ile. Kulia kulikuja baadaye, na bado kunakuja. Siku ile aliomba bisibisi na koleo kwa mafundi waliokuwa wanafunga matangi ya maji. Waendeshaji wengi wa Kinuer walikuwa wamefika kambini na pikipiki zao, na wao ndio waliobeba wazee na wanawake wajawazito kwa sababu ya ule ujumbe wake. Hilo pia ni kweli, na mtu asifiche kwamba ni kweli. Watu walinishika mkono kumshukuru mwanangu, mimi nikiwa na damu chini ya kucha.

Ladu akaenda pikipiki hadi pikipiki akivikata visanduku. Hakueleza. Wengi walimwachia. Halafu akafika kwa lile pande la mtu, yule aliyeinamia simu karakana. Alikuwa amekaa chini ameegemea gurudumu. Nilikuwa nimemfuata Ladu nyuma, maana sikutaka atoke machoni pangu.

"Hiki usikiguse," yule mtu akasema.

"Kitakuua," Ladu akamwambia. "Kimemuua Thok."

"Nimesikia." Akaweka kiganja chake juu ya kisanduku. "Nyumba yangu imechomwa. Ndugu zangu sijui walipo. Mji huu wote hakuna mwingine aliyebaki wa kunisalimu kwa lugha yangu. Kiache."

Ladu alisimama na koleo mkononi. Mimi nikamwambia kwa Kiswahili, haraka haraka, "Kikate! Akilala ukikate." Mwanangu akanitazama mimi, akamtazama yule mtu, kisha akaweka koleo mfukoni, akaketi karibu naye mavumbini.

Hakukikata. Tuligombana juu ya hilo siku ile, tukagombana njiani kwenda mpakani Nimule, na hapa Nairobi bado tunagombana. Yeye anasema kitu ukishampa mtu ni chake. Mimi nasema ningekikata, hata angenichukia. Yule mtu hatujui aliishia wapi, na kila nikisikia pikipiki inapita barabarani, natega sikio nisikie kama inasema.